Bibi Funguo Katika Daftari la Maombi

Kitabu changu cha kwanza nilimaliza kukisoma siku ya Jumatano, saa nne na robo asubuhi, nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya sabuni iliyopinduliwa, mbele ya mashine ya kukaushia nguo. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Wenzangu wa sehemu ya kufulia ya hospitali walikuwa wamekwenda kunywa chai. Mimi nilibaki kwa sababu zilikuwa zimebaki kurasa nne, na mtu hawezi kunywa chai huku mwenzake amelala kwenye kitanda cha magurudumu, anasukumwa kwenda kupasuliwa macho.

Mwenzangu huyo alikuwa Bibi Funguo, mtu mkuu wa kitabu chenyewe, na jina jingine hana. Ni mama mfupi, mnene, mtunzaji wa nyumba ya zamani yenye vyumba ishirini na viwili vya kupangisha. Funguo zote amezifunga kiunoni, na wapangaji humsikia kabla hawajamwona. Shida yake ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaogopa mwenye nyumba akijua atamwachisha kazi, basi anaficha. Kila ufunguo anautambua kwa kupapasa meno yake kwa kidole. Kila mpangaji anamtambua kwa mlio wa viatu. Kuna mahali analisalimia koti lililotundikwa msumarini akidhani ni mtu, na anapogundua anaona aibu kuishia njiani, analiuliza koti kama watoto hawajambo. Hapo nilicheka mpaka msimamizi akatoa kichwa ofisini kuuliza kama sabuni imenipanda kichwani.

Mwishoni wapangaji wanagundua. Hawamsemi kwa mwenye nyumba, wanampeleka hospitali. Anavua funguo moja moja na kumkabidhi mpangaji mmoja, huku akizitaja kama mama anayeaga watoto. Kisha wanamlaza, wanamsukuma, na mlango wa chumba cha upasuaji unafungwa. Mwisho.

Nilifunua ukurasa uliofuata, ukawa mweupe. Nikafunua mwingine, nikakuta jina la mpiga chapa na anwani yake. Nilipitisha kidole kwenye mshono wa kitabu kuona kama kuna karatasi zilizochanwa. Hakuna.

Jioni ile nilimfuata Mwalimu wa darasa letu la watu wazima, ambaye ndiye aliyeniazima kitabu, nikamwomba sehemu ya pili. Akasema hakuna sehemu ya pili, mwandishi alitaka kutuacha pale. Nikamwuliza anatuachaje mlangoni wakati mgonjwa yuko ndani. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, akasema swali hilo ni la darasa la mwaka ujao, nimewahi.

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti, nikamwombea Bibi Funguo. Sikuona ajabu. Mimi huombea kila mtu anayenikaa moyoni, na yeye alikuwa amenikaa kwa miezi mitatu, kuliko jamaa zangu wengi. Kama ningeishia hapo, jambo lingebaki kati yangu na Mungu. Lakini kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Siku za Alhamisi, saa kumi na moja jioni, tunakutana kikundi cha maombi. Tuko tisa. Tumeazimwa darasa la chekechea, na tunakaa kwenye viti vya watoto, magoti yamekaribia kidevu. Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu, nasi tunamwita Mama Mkunga. Kuna daftari moja gumu lenye jalada jeusi, na kila haja inayoletwa inaandikwa humo, jina la mtu na shida yake. Tunaisoma na kuiombea kila wiki. Haja ikijibiwa, aliyeileta anasimama kutoa ushuhuda, kisha mstari unakatwa kwa wino mwekundu. Ikifika wiki ya saba haijakatwa, sisi wote tunakwenda kumtembelea mwenye shida. Hiyo ndiyo sheria yetu, na hatujawahi kuiruka.

Aliyekuwa akiandika alihama mji, na miezi miwili kabla ya siku hiyo kalamu nilipewa mimi. Naomba anayesoma hapa aelewe maana yake. Kwa miaka yote ya kazi nimesaini kwa dole gumba. Nilikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya taa ya kusafishia wino kidoleni. Sasa watu wazima wanane walinyamaza wakinisubiri nimalize sentensi. Mama Mkunga alikuwa akisema, "Mwandishi yuko tayari?" na mimi nilikuwa nikisema niko tayari, hata kama kalamu ilikuwa bado inatafuta mstari. Sikumbuki cheo kingine nilichowahi kukitamani maishani.

Alhamisi hiyo niliandika haja za wenzangu, sita. Zamu yangu ilipofika, mkono ukaandika wenyewe: Bibi Funguo, upasuaji wa macho. Nikasoma kwa sauti. Mama Mkunga akauliza kama ni wa karibu nami. Nikasema sana. Wakainamisha vichwa.

Sikukusudia kumdanganya mtu. Lakini pia sikusema ni wa kitabuni, na nilijua kwamba sikusema.

Basi kikundi kikampokea Bibi Funguo kama mgeni aliyekuja na mizigo. Wiki ya pili walitaka kujua kama ana watoto. Nikasema hana, ana wapangaji. Wiki ya tatu Mama Mkunga alimwombea mpaka kope. Wiki ya nne Mama Pindo, fundi wetu wa cherehani, aliniuliza vipimo vyake vyote, kimo na unene. Nikampa vyote, maana mwandishi wa kitabu alikuwa amevieleza vizuri. Sikuuliza vya nini. Wiki ya tano alikuja na gauni la kulalia, rangi ya maziwa, limefunguka mbele kutoka shingoni mpaka chini, na vifungo vikubwa vya kupapasa. Alisema mtu aliyepasuliwa jicho asivae nguo ya kupitisha kichwani, itamgusa bandeji. Wote wakalishika. Pindo lake lilikuwa limenyooka kama mstari wa daftari.

Nililipokea gauni lile, nikamrudishia alitunze mpaka siku ya safari.

Wiki ya sita Mzee Spana akasema gari lipo. Mzee Spana ni fundi wa pampu za maji, mtu mkavu, asiyecheka bila sababu na asiyekubali sababu kirahisi. Akitengeneza pampu anakuonyesha kila kipande alichobadilisha. Aliniuliza tunakwenda wadi gani. Nikamwambia sijui wadi. Ilikuwa kweli, na nilipoisema ilinuka uongo. Akasema, "Mama, hospitali ya mji huu ni moja, nawe unafanya kazi humo, hujui mgonjwa wako amelazwa wapi?" Nikainama nikajifanya natafuta kifuniko cha kalamu.

Wiki nzima niliomba. Nilimwomba Mungu anipe njia ya kupita pembeni, na kila nilipomaliza kuomba niliona njia moja tu, ya kupita katikati.

Alhamisi ya saba walikuja wamevaa vizuri. Gari la Mzee Spana lilikuwa nje, mabomba yameshushwa, mabenchi yamefutwa vumbi. Mama Pindo alikuwa na gauni ndani ya karatasi. Mama Mkunga aliponiuliza kama mwandishi yuko tayari, nilisimama, nikatoa kitabu kwenye mkoba wangu, nikakiweka mezani juu ya daftari.

"Bibi Funguo yuko humu," nikasema. "Hayupo kwingine."

Nikaeleza yote, kuanzia ndoo ya sabuni.

Kisha Mama Pindo akaketi taratibu kwenye kiti chake cha chekechea, akasema, "Na vipimo ulinipa." Akawa haamini. "Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ulinipa mpaka upana wa bega."

Wawili watatu wakaanza kucheka, wakijizuia. Mzee Spana hakucheka.

"Wiki saba," akasema. "Wiki saba nimefumba macho nikamwombea mtu wa karatasi. Mimi nina mke ana presha, nimemtaja mara mbili tu."

Mama Mkunga akasema polepole kwamba yeye miaka arobaini ameombea watoto ambao hakuna aliyejua sura zao wala majina yao, na Mungu hakuwahi kumdai cheti cha kuzaliwa.

"Hao walikuwa njiani, Mama Mkunga," Mzee Spana akasema. "Huyu hayuko njiani. Hana pa kutokea."

Kisha akanigeukia. Alisema hana ugomvi nami, lakini daftari lile ni la kweli tupu. Mtu akifungua akakuta jina, aweze kwenda kugonga mlango. Mwandishi akiandika asiyekuwepo, hata waliopo watatiliwa shaka. Akatoa pendekezo kwamba kalamu apewe mtu mwingine.

Nilijua ana haki. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo, pengine kwa ukali zaidi. Nikaichukua kalamu nikaiweka karibu na kitabu.

Mama Mkunga alitazama kalamu, akatazama kitabu. Akasema katika maisha yake hajawahi kusema mtoto ni mzima au si mzima kabla hajamshika mkononi. "Tumemhukumu mwandishi kwa sababu ya mama ambaye hatumjui. Tusomewe kwanza. Kisha tutapiga kura." Mzee Spana akakubali. Alisema itamsaidia kuthibitisha anachosema.

Gari likarudi bila abiria. Mama Pindo akarudi na gauni lake, hakutaka hata kulikunjua.

Tulisoma Alhamisi nne na Jumamosi tatu. Mimi ndiye niliyesoma, maana njia za kitabu nilizijua, kurasa zenye maneno marefu na zile za kuteremka. Mwanzoni nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, neno hadi neno. Sauti yangu ilikuwa ya mshtakiwa. Siku ya pili nilifika kwenye koti lililosalimiwa, nikasikia kiti kinavunjika. Mama Mkunga alikuwa amecheka akaenda nacho chini. Tulimwinua, tukamfuta, akasema nisome tena kuanzia koti.

Mzee Spana alikaa pembeni, mikono kifuani. Siku ya tatu kwenye kitabu pampu ya nyumba iliharibika, na mwandishi akasema fundi aliifungua akakaza skrubu moja, maji yakatoka. Mzee Spana akainua mkono kama mwanafunzi. Akataka kujua ni pampu ya aina gani hiyo inayopona kwa skrubu moja. Nikasema haikuandikwa. Akasema basi fundi yule ni tapeli, na Bibi Funguo amefanywa mjinga kwa sababu haoni. Alisema hivyo kwa uchungu, na alipojisikia akasogeza kiti.

Jumamosi iliyofuata alikuja wa kwanza. Aliniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, kama pampu iliharibika tena. Nikamwambia asubiri kama wenzake.

Kulikuwa na mpangaji wa chumba namba tisa, kijana wa mjini mwenye maneno matamu, aliyekuwa akiiba balbu za ngazini kwa sababu alijua mtunzaji haoni giza limeongezeka. Mama Pindo alimchukia mtu yule waziwazi. Aliniambia nisimsome kwa sauti nzuri, nimpe sauti mbaya. Siku wapangaji walipokusanyika kumpeleka Bibi Funguo hospitali, na namba tisa akawa ndiye aliyebeba mkoba wake, Mama Pindo akasema, "Lakini balbu hajarudisha."

Ukurasa wa mwisho niliusoma Alhamisi ya nne, dirisha bado lina mwanga. Funguo zikavuliwa moja moja. Zilipotajwa, nilisikia Mama Mkunga anazihesabu kwa midomo. Kitanda kikasukumwa. Mlango ukafungwa. Nikasema, "Mwisho," nikafunika kitabu.

"Endelea," akasema Mzee Spana.

"Imeisha, Mzee."

"Haiwezi kuisha. Mama yuko mezani."

Nikampa kitabu. Akafunua ukurasa mweupe, akaona jina la mpiga chapa. Halafu nilimwona anapitisha kidole kwenye mshono, kidole kinene chenye alama za grisi, akitafuta karatasi zilizochanwa. Nikageuza uso nisicheke, maana kesi yangu ilikuwa bado.

Hapo ndipo fujo ilipoanza. Kila mtu akawa na habari za Bibi Funguo. Mmoja akasema amepona macho yote mawili. Mwingine akasema moja kwanza, madaktari hawafanyi yote siku moja. Mama Pindo akasema kitu cha kwanza alichokiona ni ngazi ya nyumba yake, ilivyo chafu, akawaka. Mama Mkunga akasema hapana, kitu cha kwanza alikiona ni sura za wapangaji, na akashangaa kuwa wote ni wazuri kuliko viatu vyao. Mtu akauliza kama daktari alinawa mikono, mbona haikuandikwa. Walibishana kama ndugu wanaogombania habari za shangazi aliye mbali.

Mzee Spana hakuingia kwenye ubishi huo. Alikifunga kitabu, akanitazama.

"Mwandishi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu kalamu ilipowekwa mezani. "Sisi tunabahatisha. Wewe uko hospitali miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mlango ule ukifungwa, kinafuata nini? Sitaki unachokitamani. Sema unachokijua."

Nilisimama. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi kwa kile kiti. Sikuwa nimejiandaa, na nilisali neno moja tu moyoni kabla ya kufungua mdomo.

Nikawaambia kwamba kitabu kinaishia mlangoni, na kazi yangu inaanzia hapo hapo. Sijawahi kuingia chumba cha upasuaji hata mara moja. Lakini kila kinachofanyika humo hushuka kwetu ndani ya mfuko. Mifuko ya upasuaji mwingine ni mizito, na tunaifungua tukiwa tumesali. Mfuko wa macho ni mwepesi. Ndani yake kuna kitambaa cha kijani chenye tundu dogo katikati, la kutosha jicho moja tu, na kuzunguka tundu kuna pete ya dawa ya rangi ya kahawia. Damu ni nadra. Unakisuuza mara moja kwa maji baridi, pete inaondoka.

"Kesho yake," nikasema, "zinakuja shuka za wadi. Hizo ndizo zinazosema."

Nikawaeleza foronya zao. Zina alama ya mafuta ya nywele upande mmoja tu, kwa sababu wameambiwa wasilalie jicho lililopasuliwa. Ndani ya mikunjo ya shuka kuna chembe za biskuti. Siku moja nilikuta karata tatu, mtu alikuwa akiwaibia wenzake mchezo akiwa na bandeji usoni. Na karibu kila shuka ina doa la chai. Mtu aliyefungwa jicho moja hapimi vizuri umbali wa kikombe, anadhani kiko hapa kumbe kiko pale. Siku zangu za mwanzo kazini nililalamika kwa madoa yale. Msimamizi akaniambia niyashukuru, wadi inayomwaga chai ni wadi inayokunywa chai.

"Siwezi kusema wote wanapona," nikamalizia. "Nitakuwa nasema uongo wa pili, na wa kwanza bado sijamaliza kuulipa. Nasema nilichokifua. Kutoka wadi ile, mifuko miepesi ndiyo mingi sana kuliko mizito."

Wote walikuwa wameinama mbele kunisikiliza. Ukutani kulikuwa na picha za wanyama zilizopakwa rangi na watoto, na hata hao walionekana wanasikiliza.

"Kwa hiyo amemwaga chai," akasema Mzee Spana.

"Amemwaga."

"Mara ngapi?" akauliza Mama Pindo.

"Mara mbili," nikasema, na sijui nilitoa wapi. "Ya pili makusudi, apate nyingine ya moto."

Walicheka wote kwa pamoja. Mzee Spana alicheka akiwa amefumba macho, mabega yakitikisika bila sauti, na mimi nilicheka huku machozi yananitoka. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wamesimama nje ya mlango muda mrefu, kisha muuguzi akatoka akasema mko wapi, ingieni.

Mama Mkunga alipiga meza. Alisema kicheko ni chema lakini kuna pendekezo mezani, halijapigiwa kura. Akamwuliza mwenye pendekezo kama bado analo.

Mzee Spana alisimama. "Nilisema daftari liwe la kweli. Bado nasema. Alhamisi ile mwandishi alituficha, akakosea, na sitasema hakukosea." Nikaitazama kalamu. "Leo nimemtega. Nilidhani atasema wote wanapona, ili tufurahi. Hakusema. Alikuwa anaitaka kalamu, nimemwona anavyoitazama, na bado hakusema." Akakuna kidevu. "Naondoa pendekezo. Lakini kwa sharti. Nyuma ya daftari litengwe jani, liandikwe juu, Watu wa Vitabuni, ili asije mtu akaenda kugonga mlango usiokuwepo. Nilisema huyu mama hayuko njiani. Naona ameshafika, na mimi simwondoi. Ila akae chumba chake."

Mikono ikainuka, nane. Mimi sikuhesabiwa.

Mama Mkunga akasogeza kalamu kwangu kwa ncha ya kidole. Nikafungua jani la mwisho nikapiga mstari kwa rula, nikaandika kichwa alichosema. Chini yake nikaandika jina la Bibi Funguo. Kwa kuwa sheria ni sheria, nikasimama kutoa ushuhuda, kisha nikaukata mstari wake wa zamani kwa wino mwekundu. Mstari ukapanda mlima kidogo. Mzee Spana akasema wanaosimamia kazi yake husamehe bomba lililopinda kama maji yanapita.

Gauni la Mama Pindo tulilipeleka wadi ya macho wiki ile ile. Muuguzi mkuu alilipokea, akalitoa kwa mama mmoja aliyelazwa bila ndugu, mfupi, mnene, ambaye lilimkaa kama lilikatwa mwilini mwake. Alipotoka aliliacha kwa anayefuata. Sasa linashuka kwetu kila wiki ndani ya mfuko mwepesi, na mimi mwenyewe ndiye ninayelipiga pasi. Lina madoa ya chai kifuani, na baadhi nimeyaacha, sabuni isimalize kila kitu.

Kitabu Mwalimu hajarudishiwa. Amekuja mara mbili kukidai, na mara ya pili aliketi akaisikiliza sura nzima, kwa kuwa kikundi kiliomba kirudiwe. Alisema mwandishi wa kitabu, alipotuacha pale, hakudhani kuna watu watakaoingia. Mama Mkunga akamwuliza watu wakiachwa mlangoni watafanya nini.

Alhamisi iliyopita tulichelewa kutoka. Mzee Spana alikuwa ameleta haja ya mpangaji wa chumba namba tisa, akitaka aandikwe jani la nyuma, atubu habari ya balbu, na apate kazi ya halali, hasa kwenye pampu. Mama Pindo alipinga. Alisema arudishe balbu kwanza, ndipo aombewe. Mwingine akasema amesharudisha, aliona Bibi Funguo amerudi anaona, akaogopa. Sauti zilikuwa juu. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya jina, nikisubiri wapatane.

Mlinzi wa shule akatokea mlangoni na tochi yake mfukoni, mwanamume wa makamo, mgeni pale, ana wiki mbili tu kazini. Alitaka kufunga. Akasikiliza kidogo, kisha akauliza huyo kijana mwizi wa balbu anakaa nyumba gani, maana na kwake kuna balbu mbili zimepotea.

Watu wanne wakaanza kumjibu kwa pamoja. Mama Mkunga akawanyamazisha kwa mkono. Akavuta kiti cha chekechea, akakipangusa kwa pindo la nguo yake, akakisogeza.

"Kaa kwanza, kaka," akamwambia mlinzi. "Mwandishi, msomee kuanzia kwenye koti."